Abu Mayanja: Kijana Aliyefukuzwa Makerere



Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, Ruharo hujaa magodoro. Bodaboda zinapanda kilima, nyuma kuna godoro lililofungwa kwa kamba, beseni, ndoo na jerikeni, na katikati amebanwa kijana aliyekumbatia bahasha ya vyeti. Wengi wanatoka Bushenyi, Ntungamo na Kasese. Wachache wanashuka kwenye teksi iliyotoka Nakivale, na kwa ajili yao hasa ukurasa huu umeandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachotuunganisha sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, pamoja na ndugu wenyeji waliokizoea.

Nasaha za kuanza chuo mmeshapewa. Mama amesema, ustadhi wa madrasa amesema, mwalimu mkuu wa S.6 amesema mbele ya wazazi. Soma, swali, chagua marafiki. Mimi sina la kuongeza juu ya hayo. Nitasimulia maisha ya mtu mmoja Mwislamu wa Uganda hii hii, aliyefika chuo kikuu akiwa na akili kuliko wengi wetu, akafukuzwa, na baadaye akawa Waziri wa Elimu mara mbili. Wengi mnalijua jina lake kwa kulisikia kwa wazee.

Abubakar Kakyama Mayanja alizaliwa mwaka 1929 huko Ngogwe, Kyaggwe, mashariki ya Kampala, katika familia ya Kiislamu. Ili kuelewa jambo alilolifanya lazima uelewe shule za wakati ule. Serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari kazi kubwa ya kusomesha. Shule nzuri ilikuwa ya Waanglikana au ya Wakatoliki, yenye kanisa lake, padre wake na mara nyingi ubatizo wake. Mzazi wa Kiislamu alikuwa na njia mbili: amweke mtoto nyumbani na madrasa, au ampeleke shule ya kanisa huku akimuomba Mwenyezi Mungu mtoto arudi na jina lake. Wengi walichagua ya kwanza, na siwalaumu. Lakini hesabu yake ililipwa na wajukuu. Nchi ilipofika karibu na uhuru, Waislamu walikuwa wengi katika udereva, uchinjaji na biashara, na wachache mno maofisini. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, aliliona tatizo hilo mapema. Katika miaka ya 1940 aliongoza kuanzishwa kwa jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda, UMEA, na ardhi yake ya Kibuli ndiyo iliyobeba msikiti na shule tunazozijua leo.

Familia ya Mayanja ilichagua njia ya pili. Alisoma shule ya kanisa pale Ngogwe, kisha akaingia King's College Budo. Budo ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, juu ya kilima ambacho Makabaka hutawazwa. Ilikuwa shule ya watoto wa machifu, na kengele yake ilipanga kila kitu: kuamka, kula, kusoma, kucheza, kulala. Ratiba ile haikupangwa kwa kufuata nyakati za swala. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kubaki Mwislamu pale alipaswa kuwa na kengele yake ndani ya kifua.

Mnaokaa Ruharo hamhitaji maelezo marefu. Kanisa kuu la St. James liko hapo juu, hospitali ya kanisa iko hapo hapo, na adhana inatoka mbali. Hakuna anayekuzuia kuswali. Ila hakuna pia anayekuamsha.

Mayanja alitoka Budo na kuingia Makerere. Wakati ule Makerere ilikuwa imepanda daraja karibuni tu. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichohusiana na Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walikuwa mamia machache, wakitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, kwa sababu Afrika Mashariki nzima haikuwa na chuo kingine cha namna ile. Walivaa joho jekundu. Waliokuwa Waislamu ungeweza kuwahesabu. Kuingia pale kulikuwa kama kupewa ufunguo wa nchi: ukimaliza, kazi inakungoja, na kijiji kizima kinajua jina lako.

Kuna jambo moja linalowapata wengi wanaotoka shule ya bweni yenye nidhamu kali na kuingia chuoni. Kengele inanyamaza. Hakuna anayehesabu vichwa. Yule aliyekuwa akitii kwa sababu ya fimbo anagundua hana sababu nyingine ya kutii. Wengine wanalala hadi saa nne asubuhi. Wengine wanaingia kwenye mapenzi. Wale wenye vipaji hupatwa na kitu kingine, ambacho kwa macho ya watu si kosa hata kidogo: wanaingia kwenye kila jambo. Kila kamati wamo, kila mdahalo wamo, kila ugomvi wa haki wamo.

Mayanja alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Alikuwa msemaji hodari tangu ujana, mwenye maneno makali na mzaha ndani yake. Mwaka 1952, akiwa bado mwanafunzi, akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress, chama cha siasa alichokianzisha Ignatius Musazi, mtetezi wa wakulima. Hebu fikiri. Umri wake ni miaka ishirini na mbili. Ana mihadhara, ana mitihani ya London mbele yake, na juu ya hayo ni Katibu Mkuu wa chama kinachodai nchi ijitawale. Sisi leo mtu akiwa katibu wa jumuiya ya wanafunzi na mratibu wa darasa, tunamwona amechoka.

Mwaka huo huo ukaja mgomo. Chanzo kilikuwa chakula. Wanafunzi hawakuridhika na walichopewa katika ukumbi wa kulia, wakasusa, na Mayanja alikuwa miongoni mwa viongozi. Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza, Bernard de Bunsen. Kwa uongozi wa chuo lile halikuwa suala la sahani. Hapo palikuwa na vijana Waafrika wanaopewa elimu ya juu kwa fedha za serikali, na wanakataa kula kwa pamoja, kwa mpango, wakiongozwa na mtu ambaye tayari ana cheo katika chama cha siasa. Mayanja akafukuzwa.

Wanafunzi wakisimulia habari hii huifanya ya kishujaa, na mimi nataka tukae hapa kidogo. Wakoloni walikuwa wakoloni, na uwezekano ni mkubwa kwamba chakula kilikuwa kibaya kweli. Lakini pima. Upande mmoja wa mizani weka chakula cha muhula. Upande wa pili weka shahada ya mtoto wa Kiislamu katika nchi ambayo Waislamu wenye shahada walikuwa wachache kabisa, na miaka yote ya Budo, na dua za wazazi. Je, kama angeulizwa wiki moja kabla achague kitu cha kukitolea hayo yote, angechagua chakula? Nadhani hapana. Nadhani hakuulizwa na mtu, wala hakujiuliza. Ndivyo mambo ya chuoni yanavyokwenda: unajikuta mbele ya kundi, kundi linakutazama, na tayari umesimama.

Lililofuata ndilo linalowadanganya watu. Gavana wa Uganda, Sir Andrew Cohen, alikuwa ameingia madarakani mwaka ule ule wa 1952. Alikuwa mtu wa aina nyingine kidogo kati ya magavana. Aliamini kwamba vijana kama Mayanja ndio watakaoiongoza nchi, na kwamba kuwatupa ni kujitafutia maadui. Akasaidia kijana huyu aliyefukuzwa apate nafasi Uingereza. Mayanja akaenda King's College, Cambridge.

Yaani alifukuzwa Makerere akaangukia Cambridge. Ukiisoma haraka unaweza kudhani kufukuzwa ni ngazi.

Ndugu yangu, hesabu ni wangapi walifukuzwa katika vyuo vya Afrika Mashariki tangu mwaka ule, na ni wangapi kati yao waliopata gavana. Josephat Karanja wa Kenya naye alifukuzwa Makerere miaka hiyo hiyo kwa ajili ya mgomo wa chakula. Yeye alikwenda kuanza upya Delhi, India, akaendelea hadi Marekani, akapata shahada ya udaktari Princeton. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na huko akakutana na wanafunzi wanaogoma, safari hii yeye akiwa upande wa pili wa meza. (Natamani kujua kama alikumbuka sahani za Makerere siku hizo.) Hao wawili majina yao tunayajua kwa sababu waliinuka. Waliorudi vijijini na joho lao jekundu limebaki bwenini, hakuna aliyeandika habari zao.

Na wewe uliyetoka Nakivale unajua vizuri kuliko mimi ninavyoweza kusema. Nafasi yako imetoka kwa mfadhili ambaye ana orodha ndefu ya wengine. Mama yako yuko kule kambini na kadi ya chakula, na kila mwaka chakula chenyewe kinapungua. Ukipoteza ufadhili kwa kufeli au kwa kufukuzwa, hakuna Cohen. Kuna teksi ya kurudi Nakivale.

Naomba niseme langu, maana si vizuri kumhukumu marehemu huku nimejificha. Muhula wangu wa kwanza sikugoma wala sikulewa. Nilifanya mambo mazuri tupu. Nilikuwa nikitafsiria watu zahanati, nikifundisha watoto juzuu ya Amma, nikizunguka kuchangisha ada ya ndugu aliyekwama, nikikaa vikao hadi usiku. Somo la kemia nililiacha lijisomee. Nilipopata matokeo nilikuwa na masomo mawili ya kurudia, na kila kurudia kuna malipo yake. Nilipompigia simu mama, hakunigombeza. Aliuliza tu ni lini nitaanza tena. Sikulala usiku ule. Kazi ya heri niliyoifanya kwa muda ambao mfadhili ameulipia kwa ajili ya masomo, nilikuwa nimeichukua kwenye amana ya mtu.

Turudi kwa Mayanja, kwa sababu sehemu bora ya maisha yake inaanzia hapa, ingawa haisimuliwi sana.

Cambridge hakufukuzwa. Alisoma historia, akamaliza. Akasomea sheria London, akawa wakili. Na wala hakunyamaza ili amalize. Mwezi wa Novemba 1953 gavana yule yule Cohen alimkamata Kabaka Mutesa II na kumpeleka uhamishoni Uingereza. Mayanja, ambaye kiti chake cha darasani alikipata kwa msaada wa Cohen, alikuwa miongoni mwa Waganda waliopinga jambo hilo huko huko Uingereza. Kabaka alirudishwa mwaka 1955. Hapo ninaona mtu aliyejifunza kitu. Alimshukuru aliyemsaidia kwa kusoma na kumaliza, wala hakuona kwamba shukrani inamlazimu kunyamaza panapokuwa na dhulma. Na alipopinga, alipinga bila kuweka shahada yake mezani. Wengi wetu tunadhani ni lazima kuchagua kimoja.

Aliporudi nyumbani, serikali ya Kabaka kule Mengo ilimfanya Waziri wa Elimu. Kijana aliyefukuzwa chuoni akawa ndiye anayesimamia shule, na shule nyingi kati ya hizo zilikuwa za makanisa, zile zile ambazo wazazi wa Kiislamu waliziogopa. Alikuwa pia mmoja wa waliosuka muungano wa chama cha UPC na Kabaka Yekka uliofikisha nchi kwenye uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962. Muungano ule ulivunjika vibaya, na historia yake si ya ukurasa huu.

Mwaka 1967 serikali ya Obote ilileta bungeni mapendekezo ya katiba mpya iliyoondoa wafalme na kumpa Rais madaraka makubwa. Mayanja alikuwa mbunge. Alisimama akayapinga kwa hoja, kifungu kwa kifungu, wakati ambapo wengi walikuwa wameshajifunza kupiga makofi.

Mwaka uliofuata aliandika barua. Kampala kulikuwa na jarida linaloitwa Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogy mwaka 1961, na wasomi wa Afrika nzima walilisoma. Barua ya Mayanja ilizungumzia kucheleweshwa kwa uteuzi wa majaji Waafrika, na kugusa sababu zilizosemwa mitaani kuhusu kuchelewa huko. Mwezi wa Oktoba 1968 alikamatwa, na Neogy aliyeichapisha akakamatwa naye. Walishtakiwa kwa uchochezi. Mapema mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia, na hapo hapo wakakamatwa tena kwa amri ya kuwekwa kizuizini, ambayo haihitaji mahakama. Mayanja alikaa ndani hadi mwaka 1970.

Sasa weka mambo haya mawili pamoja, 1952 na 1968. Mtu ni yule yule na ulimi ni ule ule. Mara ya kwanza alilipa gharama kubwa kwa jambo dogo, bila kupiga hesabu. Mara ya pili alikuwa wakili, aliijua sheria, aliijua serikali iliyokuwa mbele yake, na aliandika kwa jina lake mwenyewe akijua barua ile inaweza kumfikisha wapi. Na aliweza kuiandika vizuri kwa sababu alikuwa ameisoma sheria hadi mwisho. Mwanafunzi aliyefukuzwa Makerere asingeweza kuiandika barua ile. Angeweza kupiga kelele tu.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971 alimweka Mayanja katika baraza lake la kwanza la mawaziri, tena kama Waziri wa Elimu, na mwaka uliofuata alikuwa ameshatoka serikalini. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali, na sioni kwamba ni lawama ya bure, ingawa mwezi ule wa kwanza Kampala nzima ilikuwa inashangilia na mtu aliyetoka kizuizini mwaka uliotangulia alikuwa na sababu zake. Alirudi kwenye uwakili. Baada ya mwaka 1986 alikuwa Waziri wa Habari, na baadaye Naibu Waziri Mkuu wa Tatu na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huko nako wapo waliosema kwamba mtetezi wa magazeti alibadilika alipokaa kwenye kiti cha kuyasimamia. Hakuwa malaika. Alikuwa Mwislamu aliyesoma, aliyekosea, aliyesimama, na aliyekosea tena, na jina la Abubakar hakuliacha katika shule ya kanisa, wala Cambridge, wala barazani. Alifariki Novemba 2005 akiwa na miaka 76. Allah amrehemu na amsamehe.

Wanafunzi wapya: kila Ijumaa baada ya swala tunakaa nje ya msikiti, upande wa kivuli. Anayetafuta chumba Ruharo aje, tunawajua wenye nyumba wasiopandisha kodi katikati ya muhula. Anayekwama usajili kwa sababu kadi yake ya ukimbizi ina jina lililoandikwa tofauti na cheti, aje na karatasi zote mbili, asingoje wiki ya mwisho. Dada zetu wana kikao chao na wataelekezwa kwa dada mlezi. Anayeona masomo yanamshinda aje mapema, kabla ya mitihani, maana baada ya mitihani sisi tunaweza kumpa pole tu. Na aliyechoshwa na posho na maharage ya hosteli naye aje. Tutakaa, tutaandika barua kwa msimamizi, tutaweka majina yetu, kisha tutakwenda darasani.

Wabillahi tawfiq.